Kosa Moja kwa Makusudi

Bwana Pyo alitupangia vitasa saba juu ya meza,
kila kimoja na mlio wake.
Kimoja kililia kama mikrowevu,
kimoja kikasema "karibu nyumbani"
kwa sauti ya binti nisiyemjua.
Nikauliza kipi kimya.
"Kimya hakuna," akasema. "Mlango ukinyamaza
utajuaje kama umefunga?"

Tukachukua cha kijivu, cha betri nne,
kinacholia mara moja kikikubali
na mara tatu kikikataa.
Deok-hwan akabishana bei mpaka ikashuka
ikawa woni laki mbili na elfu themanini na nne,
na kwa furaha ya kushinda
akaigeuza bei kuwa namba ya siri:
mbili, nane, nne, sifuri, nyota.
Mimi nilitaka tarehe ya mvua
iliyotubana pamoja kwenye kituo cha Nampo.
Akasema tarehe hukisiwa na kila mtu;
bei haikumbukwi ila na aliyeilipa.

Funguo za zamani nikazitia kwenye bakuli la vifungo.
Miezi miwili mkono ulizitafuta mfukoni
kama ulimi utafutavyo pengo la jino.

Mama mkwe aliiandika namba kwa wino mweusi
chini ya mfuniko wa chombo cha kimchi,
chombo akamwazima jirani.
Basi jirani naye anajua.

Januari betri zikafa.
Upepo wa Yeongdo ulinikuta ngazi ya nne
na mfuko wa makrili ulioanza kuwa jiwe.
Kijana wa dukani akaniletea betri ya mraba,
nikaigusisha kwenye vichuchu viwili vya chuma
chini ya kitasa, polepole,
kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.
Kikafumbua macho.

Tena kitasa huandika.
Bwana Pyo alilisema hilo harakaharaka
wakati sisi tunahesabu noti.
Jumanne moja ya Machi, niko kiwandani,
glavu zanuka samaki wa kusagwa,
simu ikatetemeka kwenye aproni:
Mlango umefunguliwa. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi.
Mtumiaji wa Kwanza.

Mtumiaji wa Kwanza saa hizo huwa chelezoni,
kavaa barakoa, anachomelea tumbo la meli ya watu.
Jumatano, tena.
Alhamisi.
Siku kumi na moja.
Saa kumi jioni mlango hufunguliwa kutoka ndani,
saa kumi na mbili na nusu kutoka nje,
naye huingia amebeba uchovu wake uleule,
ila koti lanuka baridi tupu,
halinuki moshi.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Ya kwangu inajuliwa na betri nne,
na mimi, niliyechungulia.

Sikumwuliza.
Nilitafuta pa kuzimia zile taarifa
nikapazima, nikarudi kwenye samaki.

Lakini kuna siku zamu huisha mapema.
Siku hizo nasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe
nabonyeza mbili, nane, nne, tisa.
Kitasa kinalia mara tatu.
Ndani kiti kinasukumwa,
televisheni inakatwa katikati ya neno,
bomba linafunguliwa bila sababu.
Nahesabu pumzi kumi.
Ndipo naanza upya, na kumaliza kwa sifuri.

"Umekosea tena," ananiambia,
koti mwilini, kiatu kimoja mguuni,
kama mtu aliyefika sasa hivi.
"Uzee," namjibu,
nami namsifu kwa kuwahi.

Jana usiku alitoka kwenda kununua sigara.
Nikatandaza daftari la benki mezani
na karatasi ya hesabu niliyoificha chini ya mchele:
kodi, dawa za mama yake, miezi mingapi.
Mlango ukalia mara tatu.

Mtu yule hajawahi kuisahau bei hata siku moja.

Nikafunga daftari.
Nikarudisha mchele.
Huko nje, nilimsikia,
naye alikuwa anahesabu.